Shaba Sita za Bi Kaltham

28 Mei 1978, Nizwa

Tende za naghali, zile zinazowahi kuiva kabla ya nyingine, zimeingia sokoni. Zuhair kaleta kikapu. Joto limeanza kwa haki yake. Bi Kaltham hakuja kunywa kahawa.

29 Mei

Hakuja tena. Nimekunywa peke yangu, nusu ya dele, birika letu la kahawa, nikaimwaga.

1 Juni

Leo amekuja, na afadhali asingekuja.

Bi Kaltham ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mjane kama mimi, mtu wa Nizwa tangu babu wa babu zake. Tulipohamia hapa mwaka wa sabini na moja ndiye aliyetuletea maji ya kunywa siku ya kwanza, na ndiye aliyekicheka Kiarabu changu, akasema nazungumza kama kitabu kilichoachwa wazi. Tangu hapo kila asubuhi yeye huja kwangu au mimi huenda kwake. Aliyoyasema leo kayasema kwa Kiarabu. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo sawasawa.

Alisimama mlangoni, viatu miguuni.

"Mwalimu, mwite Fakhriya."

"Fakhriya yuko Ibra kwa mumewe. Kaa kwanza."

"Sikai." Akafungua ncha ya shela, akarusha vitu uani. Vikalia juu ya saruji, vikabingirika, kimoja kikaenda kulala chini ya mtungi. "Hiyo shaba yenu, chukueni. Nami mnirudishie dhahabu ya mama yangu."

Nilidhani jua limempiga. Kisha akanieleza, amesimama vilevile, na nikafahamu kuwa akili yake ni timamu na moyo wake ndio uliokwisha kufunga mlango.

Fakhriya ni binti wa Zuhair, na Zuhair ni mtoto wa kaka yangu. Alipoolewa baada ya Idi ya Hija, hatukuwa na pambo la kumvisha. Vyetu vilibaki Unguja, kwa nani sijui. Bi Kaltham mwenyewe, bila ya kuombwa, akatoa kidani cha mama yake: reale za fedha, na baina ya reale vipande sita vya manjano, vyembamba, ambavyo watu wa hapa huviita mashakhasi, yaani sarafu za dhahabu za Wazungu zenye picha. Kwa desturi ya mtaa huu bibi harusi huvishwa cha jirani, kisha kinarudishwa kimefungwa kwenye kitambaa, na sahani ya haluwa juu yake. Anayetoa hafungui kitambaa, wala anayepokea hafungui. Kukihesabu kidani mbele ya jirani ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Basi hakuna aliyehesabu, kwenda wala kurudi.

Wiki hii Bi Kaltham amekipeleka kwa sonara. Wanawake wote sasa wanauza fedha za mama zao wanunue bangili za dhahabu, na yeye ana mjukuu wa kike. Sonara akasugua vile vipande sita kwenye jiwe lake, akacheka. Shaba, akasema, mapambo mapya ya bazari la Bombay, yanauzwa kwa pishi.

"Kabla ya harusi yenu kilikuwa dhahabu," akasema Bi Kaltham. "Baada ya harusi yenu ni shaba. Mlikuja hapa na nguo za mwilini tu, Mwalimu. Leo nimejua mnavyopata vitu."

Akaondoka. Nikainama kuokota kile kilichokuwa chini ya mtungi, kisha vile vingine vitano.

2 Juni

Ijumaa. Zuhair amerudi kutoka msikitini uso umemvimba. Wameshamwambia.

3 Juni

Si wanaume peke yao. Bi Kaltham amelisema kwenye falaji, mfereji wetu, pale penye kibanda wanapooshea wanawake, mtaa mzima ukisikiliza. Nilipofika na ndoo mazungumzo yakakatika. Nilijaza ndoo yangu polepole kuliko ilivyohitaji.

6 Juni

Abdullatif amemleta Fakhriya kutoka Ibra, na sanduku lake lote. Sanduku si begi la kuja kutembea.

Abdullatif ni mumewe, ana duka la spea za magari. Watu wao walikaa Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, kila neno la nne la Kiingereza. Mimi humwita kimoyomoyo Bwana Sawa, kwa kuwa hujibu sawa kwa kila jambo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Unamrudisha?"

"Hapana, Bibi, si kumrudisha. Mama amesema akae huku kidogo, mpaka hii kesi iishe. Watu wa Ibra wanaongea, hata skuli anayofundisha wamesikia. Ni siriasi."

"Na wewe umesemaje?"

Akaangalia funguo za gari. "Mama amepaniki, Bibi. Nikamwambia sawa."

Fakhriya akapita baina yetu, akachukua jembe la mkono, akaenda kupalilia mikungumanga yangu miwili inayokufa, kwenye jua la saa sita. Hakulia. Laiti angelia ningejua la kufanya.

7 Juni

Upepo wa moto, ule wa kutoka jangwani. Mchanga hata ndani ya chumvi.

8 Juni

Leo nimevitazama. Nilikuwa nimeviweka ndani ya kikombe, nimekifunika, kana kwamba vingenuka.

Niandike kwa utaratibu, maana huenda nikatakiwa kuyasema haya mbele ya watu na hasira huniharibia mpango. Baba yangu alikuwa na duka Mkunazini, na nyuma ya duka alikuwa na kabati la mitoto, yaani droo, kumi na mbili yenye sarafu za kila dola iliyowahi kufanya biashara na Unguja. Wanangu wa skuli walinijua kwa historia na hesabu. Nyumbani nilikuwa msoma sarafu wa baba, tangu macho yake yalipofifia. Mwezi wa Januari wa sitini na nne kabati lilibaki pale lilipo. Kioo cha kukuzia kilikuwa mfukoni mwa gauni langu, basi kikaja.

Vyote sita ni shaba ya manjano. Sonara kasema kweli hapo. Ni vyembamba kama ganda la yai, upana wake kama robo rupia ya zamani iliyotandazwa. Upande mmoja una ua katikati, na kulizunguka mataji matatu na mayungiyungi matatu, taji, yungiyungi, taji, yungiyungi. Upande wa pili una tufe lenye msalaba juu yake, ndani ya fremu yenye mapinde matatu. Ukingoni pana herufi za Kilatini, nyingine zimeliwa. Nimezisoma kwa kutega jua kutoka ubavuni, kama alivyonifunza baba. Panatajwa Mungu, kwa Kijerumani cha kale. Panatajwa jina la fundi. Na kwenye vitatu, baada ya jina la fundi, mji: Nurenberg.

Nilicheka peke yangu mpaka Fakhriya akaja kuangalia.

Hizi si sarafu, wala hazijapata kuwa sarafu. Hazijanunua hata kitunguu. Ni vipande vya kuhesabia. Zamani, kabla Wazungu hawajazizoea tarakimu walizozipata kwa Waarabu, hesabu kubwa zilikuwa haziandikiki kwa namba zao za Kirumi. Mfanyabiashara alitandika kitambaa chenye mistari, mstari wa moja, wa kumi, wa mia, akapanga vipande juu yake na kuvisogeza. Mafundi wa Nurenberg, mji wa Ujerumani, walivipiga kwa malaki na kuvipeleka kila pahala. Baba alikuwa na viwili, mtoto wa tisa, mkono wa kushoto. Vya namna hii vina umri wa miaka mia tatu na zaidi. Vimefikaje Nizwa sijui, na nisilolijua siliandiki.

Fakhriya akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bibi, hiyo inathibitisha kuwa ni vya zamani. Haithibitishi kuwa sikuviweka mimi."

Ana haki. Nilikuwa nimejisahau kwa furaha ya kusoma.

9 Juni

Nimekwenda kwa sonara na kioo changu. Nikamwonyesha matundu: yametobolewa kwa msumari wa pembe nne, na uzi umeyala upande wa juu mpaka yamekuwa marefu kama tone. Uzi hauli shaba hivyo kwa harusi moja.

"Shaba ni shaba, mama," akasema, akiendelea kupima bangili. "Mie sinunui matundu."

14 Juni

Tende za khunaizi zimeiva. Hakuna aliyetuletea. Mwaka jana zilitoka nyumba tano.

20 Juni

Tatizo la kuta hizi ni kwamba namsikia Bi Kaltham akikohoa. Asubuhi namsikia anatwanga kahawa, kisha kimya. Nadhani naye anakunywa peke yake. Nimekasirika kwa kulifikiria.

27 Juni

Si kitu leo. Joto.

4 Julai

Fakhriya ameanza kwenda falaji kila alasiri, saa ile ile wanapokuwapo wote. Anaosha vyombo vilivyo safi. Hakuna anayesema naye. Nilimwambia, "Unajitesa kwa nini?" Akasema, "Nikikaa ndani watasema nimejificha." Miaka ishirini na moja. Nilikuwa nadhani mimi ndiye mkaidi wa ukoo huu.

11 Julai

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi Zuhair alivaa kanzu yake mpya, akafunga khanjari, jambo asilolifanya siku ya kazi. Nikamuuliza aendako. Akasema sabla, ile baraza ya wanaume wa mtaa, sheikh amewaita yeye na mtoto wa kiume wa Bi Kaltham kwa sulhu. Zitanunuliwa pauni sita za dhahabu, za Kiingereza, ziwekwe mikononi mwa sheikh, na neno lisitajwe tena.

"Nani atanunua?"

"Mimi, shangazi. Nimeshakopa."

"Kwa hiyo binti yako ni mwizi."

"Hakuna aliyesema hivyo! Tunalipa kwa ajili ya ujirani."

"Mtu halipi dhahabu kwa ujirani, Zuhair. Utalipa, nao watasema: mliona, wamelipa."

Akakaa kitako kwenye ngazi, mtu mzima na khanjari yake. Ana kazi serikalini, ana watu chini yake, na pale alionekana kama yule kijana niliyemshika mkono bandarini Malindi, Unguja, siku tuliyoondoka. "Shangazi," akasema, "tumeshahamishwa mara moja. Sitaki kuhama tena kwa ajili ya vipande sita vya bati."

"Shaba," nikamwambia. "Na mara ile hatukuulizwa. Mara hii tumeulizwa, na jibu langu ni hapana."

Akaenda. Nikatia kile kikombe cha vipande ndani ya shela, nikamfuata.

Sabla ya mtaa wetu mlango wake uko wazi siku zote, na hakuna mwanamke anayeuvuka. Sikuuvuka. Nilisimama kizingitini, kivuli changu kikaingia badala yangu. Walikuwa wamekaa ukutani pande zote, kahawa inazunguka. Kwa desturi kikombe cha sulhu kikishanywewa neno limefungwa, halifunguliwi hata na mjukuu. Kikombe kilikuwa mkononi mwa Zuhair.

"Usinywe," nikasema, kwa Kiswahili.

Kila shingo ikageuka. Mtoto wa Bi Kaltham akasema, "Hawa Wazinjibari hata sabla wanatuingilia na wanawake wao." Mmoja akacheka.

Sheikh ni mzee mpole. "Mwalimu, hapa wanaume wanazungumza."

"Nimesikia, sheikh. Ndiyo nikaja. Binti yetu ametukanwa falaji, mbele ya wanawake. Wanaume mkinywa kahawa hapa, kule falaji watajuaje? Nani kati yenu ataenda kuwaambia?"

Sheikh akashika ndevu. "Unataka nini?"

"Muda. Vipande hivi nimevisoma, najua vilikotoka. Nitaleta ushahidi kwamba vilikuwa kwenye kidani kabla Fakhriya hajazaliwa. Nikishindwa, nitalipa mimi, na nitasimama falaji niseme sisi ni wezi."

Zuhair akafumba macho.

"Mpaka mwezi wa Ramadhani uandame," sheikh akasema. "Sitaki watu wafunge na kinyongo."

Zuhair akakirudisha kikombe kwenye sinia, kimejaa. Tulipofika mlangoni akasema tu, "Ushahidi gani, shangazi?"

Sikuwa nao.

12 Julai

Sikuwa nao, lakini leo asubuhi nimekumbuka jambo, na nimelipata kwa kukisikiliza kikohozi cha jirani.

Mwaka wa kwanza wa ujirani wetu, Bi Kaltham alikuwa na homa, nikamkalia. Akanieleza habari za dada yake, Mabruka, aliyeolewa Birkat al-Mawz, chini ya Jabal Akhdhar. Kidani cha mama yao kilikuwa kirefu, kinafika kitovuni. Mama alipofariki kikakatwa vipande viwili, nusu kwa kila binti. Kaltham akapata nusu yenye kitovu, ile reale kubwa ya katikati; Mabruka akasema ameonewa. Tangu siku hiyo hawajasemeshana, na ni dada wa tumbo moja.

Nusu ya Mabruka haijaazimwa kwetu. Haijawahi kufika Nizwa.

Nimerudi kwenye kioo. Viwili katika sita vina alama niliyoidharau mwanzo: mstari mwembamba ulioinuka, kutoka taji la juu mpaka ukingoni. Si mkwaruzo, mkwaruzo huingia ndani. Chuma cha kupigia chapa kikipasuka, ufa wake hutokea kama mstari ulioinuka, pale pale, kwenye kila kipande kitakachopigwa baada yake. Ikiwa Mabruka ana kipande chenye mstari huo, basi vilipigwa kwa chuma kimoja, vikasafiri pamoja, vikatobolewa pamoja. Msichana wa Nizwa hawezi kwenda sokoni akanunua pacha wake.

Ikiwa.

14 Julai

Ijumaa. Abdullatif amekuja, kama afanyavyo kila Ijumaa, akakaa na mkewe uani, wote wawili wakiangalia mikungumanga. Nikamwomba anipeleke Birkat al-Mawz. "Mama ameniambia nisiingie kwenye hii kesi, Bibi." Nikasubiri aseme sawa. Hakusema. Akasema, "Ijumaa ijayo, asubuhi."

21 Julai

Mawingu yalisimama juu ya Jabal tangu juzi. Mvua imenyesha huko, hapa hata tone, lakini wadi, ule mto wetu mkavu, imeshuka na magogo na mbuzi aliyekufa. Pikapu ya Abdullatif ilifika ukingoni, tukakaa tukiyaangalia maji mekundu pamoja na nusu ya Nizwa. Akavua viatu, akaingia kupima kina kwa mguu. Yalipomfika kiunoni nikampigia kelele arudi. Akarudi akiwa amelowa mpaka kifuani.

"Wiki ijayo, Bibi," akasema. "Na nimemwambia mama. Amekasirika."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ni mke wangu."

Sitamwita tena Bwana Sawa.

28 Julai

Birkat al-Mawz. Migomba! Nilikuwa nimesahau sauti ya majani ya mgomba yakipigwa na upepo. Nilisimama chini yake muda mrefu kuliko ilivyofaa, Fakhriya akanivuta mkono.

Bi Mabruka ni mnene, sauti yake inatangulia mwili. Alitukaribisha kabla hajajua sisi ni nani, na alipojua, akaongeza tende.

"Kaltham? Hajafa?"

"Hajafa. Amemwita msichana huyu mwizi."

Akamtazama Fakhriya juu mpaka chini. "Huyu? Mwizi gani anakuja na bibi yake!"

Nikamweleza yote, na sikumficha lililo zito. "Nikikitazama chako, huenda nacho kikawa shaba. Fikiri kwanza. Ukisema hapana nitakunywa kahawa niondoke."

Akatafuna tende yake, akatema kokwa. "Mume wangu alipokufa watoto waliniambia niuze. Nikasema siuzi dhahabu ya mama. Paa linavuja, nikasema siuzi. Sasa unaniambia nifikiri." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na bunda la kitambaa cha buluu. "Tazama, kabla sijafikiri."

Vipande vyake ni vitano. Nilivishika kimoja kimoja juani. Ua, mataji, mayungiyungi. Matundu ya pembe nne, yameliwa upande wa juu. Cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Cha tatu na cha nne vimefutika. Fakhriya alikuwa amenishika bega, vidole vyake vinauma. Cha tano: kutoka taji la juu mpaka ukingoni, mstari ulioinuka.

Nikaviweka viwili kwenye kiganja cha Bi Mabruka, chake na cha dada yake, nikampa kioo. Alitazama muda mrefu sana.

"Ndugu," akasema.

"Ndugu. Na vyote ni shaba."

Nilingojea machozi. Tumbo likaanza kutikisika, kisha mabega, akacheka mpaka akajifuta kwa shela. "Miaka yote nalala na shaba chini ya mto! Mwizi akikohoa nje naamka! Kaltham kachukua nusu kubwa ya shaba, nami nikamnunia kwa nusu ndogo ya shaba!" Kicheko kikakatika. "Mama hakujua. Wallahi mama hakujua, aliviosha kwa maji ya waridi."

Nikasema naamini. Naamini kweli. Nikataka kuvichora vile vitano karatasini, nimpelekee sheikh.

"Karatasi ya nini?" akasema Bi Mabruka. "Nakuja mwenyewe. Kaltham hasomi."

1 Agosti

Imekwisha leo, alasiri, falaji.

Abdullatif alimleta Bi Mabruka mpaka mwisho wa njia ya gari. Fakhriya alikuwa keshatangulia na sufuria zake. Bi Kaltham alikuwapo, amechutama kwenye jiwe lake la siku zote, na wanawake wengine kama kumi na tano, na watoto majini. Bi Mabruka akashuka ngazi akipumua kwa nguvu. Dada wakaonana.

"Umenenepa," akasema Bi Kaltham.

"Na wewe umezeeka. Sogea."

Bi Kaltham akasogea. Bi Mabruka akakaa kando yake kwenye jiwe lile lile, akalifungua bunda la buluu mapajani. Nami nikatoa kikombe changu. Sikuhutubia. Nilieleza ule mstari kwa maneno machache, nikasema Nurenberg ni mji, nikasema vipande hivi ni vya kuhesabia na havikuwa dhahabu hata siku vilipozaliwa. Kisha kioo kikazunguka mkono kwa mkono. Mmoja akasema, "Naona. Upo." Mwingine, "Hata huku upo!" Mama wa watoto majini akasema, "Basi na cha bibi yangu je?" na mara wanne wakashika vifua vyao.

Kioo kikamfikia Bi Kaltham mwisho. Alitazama cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza. Niliuona uso wake kwa karibu, mara ya kwanza tangu ile siku, na nikaona nilichokuwa nakikataa wiki zote hizi: hakunisingizia kwa uovu. Alikuwa amepoteza dhahabu kweli, ile aliyokuwa nayo kichwani, na alikuwa akimtafuta aliyeichukua. Lakini kumwelewa si kumwachia.

Alikuwa amekuja na kidani chenyewe, kilichobaki na reale peke yake, shingoni. Akakivua, akainuka, akaenda mpaka aliposimama Fakhriya, akamvisha mbele ya wote, bila ya neno. Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Kwa desturi imetosha. Mwanamke mzima amejishusha, nani ataomba zaidi? Nami, nakiri, niliona imetosha.

Fakhriya akakivua. Akakikunja taratibu, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Kaltham.

"Nitakivaa ukisema, Bi Kaltham," akasema, kwa Kiarabu kizuri kuliko changu. "Yale ya kwanza uliyasema kwa sauti."

Mimi nilikuwa nimedai muda, nimedai ushahidi. Hili sikuwa nimelidai mwenyewe.

Bi Kaltham akageuka, akawatazama wenzake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ile ya siku ya uani: "Binti huyu hakuchukua kitu. Shaba ni ya kwetu. Ilikuwa ya kwetu tangu mwanzo. Mimi nimesema uongo nisioujua, na leo naujua."

Fakhriya akainamisha kichwa, avishwe.

Bi Kaltham akapita mbele yangu akiondoka. "Na wewe, Mwalimu? Umefurahi?"

"Sana," nikamwambia.

2 Agosti

Zuhair amezirudisha pesa alizokopa. Amekwenda sabla, akakinywa kikombe chake. Anasema kilikuwa kitamu.

3 Agosti

Mama mkwe ametuma salamu kutoka Ibra kwamba Fakhriya sasa aweza kurudi. Fakhriya akamwambia mumewe, "Aliyenitoa aje anichukue." Zuhair akanitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha. Nikamwambia mkungumanga mmoja umechipua.

4 Agosti

Mama mkwe amekuja. Na sahani ya haluwa kubwa kama gurudumu, na maneno, ya kutosha. Wameondoka kabla ya magharibi, sanduku juu ya pikapu. Nyumba ina nafasi nyingi kupita kiasi. Watu wako juu ya mapaa wanautafuta mwezi. Nimeusikia mzinga: umeandama.

5 Agosti

Ramadhani mosi.

Baada ya tarawehe mlango ulibishwa. Bi Kaltham, na kidani, na uzi mpya. Akavua viatu.

"Kuna harusi mtaa wa juu baada ya Idi," akasema. "Wameniomba kidani. Niliwaambia ni shaba. Wamesema wanataka hivyohivyo, cha falaji."

"Utawapa?"

"Nitawapa. Nipe shaba zangu."

Nikaleta kikombe. Akatandika kitambaa mkekani baina yetu, nami nikasubiri avifunge ndani yake kama walivyofanya mama zake. Hakufunga. Akavipanga kwa mstari, kimoja kimoja, akinitazama usoni na kusema kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha akanisogezea kitambaa.

"Na wewe hesabu," akasema.

Nikahesabu. Sita.

Tukakaa tukavitunga, yeye akishika uzi na mimi nikivitia kimoja kimoja. Kahawa imekwisha yote, sikumwaga.